Kadi ya Winga wa Kushoto

Mtu akiniletea kadi ya zamani iliyotiwa laminesheni, simkaribishi kiti. Namrudishia pale pale mlangoni na kumwambia aipeleke kwa aliyeiua. Wengi hukasirika. Walidhani wanakuja kwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani, ambaye atawashukuru kwa kutunza vitu vya wazee wao. Mimi si huyo. Plastiki ile ya moto ikishapita juu ya karatasi, karatasi imekwisha, hakuna dawa wala dua ya kuitoa. Afadhali ungeikunja ukaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Hapo ningeinyoosha.

Kazi inayonilisha ni kushona vitabu. Shule za Machakos huniletea vya maktaba vilivyoachana na majalada yao, nami navirudisha vikiwa vinasomeka. Kazi inayonigombanisha na watu ni hii nyingine: kadi za wachezaji zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za majani chai, tiketi za uwanjani, jezi za pamba zenye kola, mipira ya ngozi ya kufungwa kwa kamba, picha za timu ambazo kila mtu amekunja mikono kifuani kama anayedai haki yake. Nanunua, naokota, naomba, nikinyimwa nanuna, kisha narudi kuomba tena. Halafu nakaa navyo mezani na pamba, maji, kibanio na subira ambayo sina ya kuwapa watu.

Wala sifanyi kitu kiwe kipya. Hilo nalisema kabla mtu hajafungua mdomo. Naondoa kinachokila tu, kuvu, mchwa, gundi mbaya, jasho la vidole. Doa la chai la mwenye kadi linabaki, na jina la mtoto lililoandikwa kwa biro linabaki. Mzee mmoja aliniletea kadi ya golikipa aliyechorewa masharubu kwa kalamu, akataka niyafute. Nikamwuliza ni nani aliyeyachora. Akasema ni ndugu yake, wakiwa wadogo. Yuko wapi huyo ndugu? Alishafariki. Nikamtazama. Nikamwambia aende nyumbani akafikirie vizuri, na kadi yake aende nayo. Mwenye kitu akikiacha hivyo, alikiacha hivyo kwa sababu zake, na mimi si hakimu wake.

Wanaume wanaoingia chumbani kwangu, nyuma ya duka la viatu, hawakosi swali lao. “Mama, wewe na mpira ni wapi na wapi?” Wanauliza wakicheka. Nawajibu kwamba baba yangu alikuwa winga wa kushoto wa timu ya mji huu, na kama wana swali lingine la kipumbavu waliulize haraka, nina gundi inakauka.

Hiyo ni kweli, alikuwa winga wa kushoto. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona. Timu ilikwenda Mombasa kucheza, timu ikarudi, yeye hakurudi. Alikuwa amepata mtu huko. Mimi nilikuwa bado tumboni, na ndugu yangu, ambaye ndiye wa kwanza, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Baba alifia huko huko pwani, na sisi tukapata habari matanga yakiwa yameshaisha zamani. Hakuacha picha. Ya kitambulisho alikwenda nayo, ya arusi haikuwahi kupigwa. Nimekuwa na picha moja ya timu nzima, niliyopewa na mjane wa kocha, na katika picha hiyo mchwa walianza kula kutoka upande wa kushoto. Wamekula winga mzima, wakala na bega la jirani yake, kisha wakashiba. Nimetengeneza picha za watu wa wilaya nzima, lakini hiyo sikuweza.

Ndugu yangu alimwona, na hajawahi kuniacha nisahau. Tangu utotoni, tukigombana, alikuwa akinitazama usoni na kusema, “Ukinuna hivyo wewe ni yeye kabisa.” Kisha anaondoka. Nikimfuata nimwulize alikuwaje, pua yake, macho yake, anasema si nijitazame kwa kioo. Hata alipokuwa mtu mzima, na kazi ya ofisini Nairobi na nyumba Syokimau na gari la kung’aa, alilisema hilo neno mbele ya mke wake, kwenye meza yangu mwenyewe, akila chakula changu. Alikuwa na kitu ambacho mimi sina, alijua, na alikifurahia.

Basi mwaka jana nikaenda kwa Msomali mmoja mzee anayeuza mazulia mjini. Duka lile lilikuwa la baba yake, na zamani liliuza majani chai ya kile kiwanda kilichokuwa kikitia kadi za timu yetu kwenye pakiti. Kiwanda chenyewe kilishakufa. Nilikuwa na timu yote ya kadi hizo, nimeipanga kwenye albamu, na nilitaka kumwonyesha tu, nijisifu kidogo. Akazipitia kwa kidole, akafika kwa winga wa kushoto, akasimama.

“Huyu alikuja baadaye,” akasema. “Kabla yake kulikuwa na mwingine. Alipoacha timu, kiwanda kilimtoa, kikaweka huyu. Yule wa kwanza alikuwa na mwanya, kama wewe.”

Nikaufunga mdomo wangu. Nina mwanya, na mama yangu hana, wala ndugu yangu hana.

“Mama mmoja wa Kathiani alikuwa akinunua majani hapa,” mzee akaendelea. “Alikuwa anafungua pakiti hapo hapo kaunta. Akimkosa, ananuna. Akimpata anacheka, anaonyesha watu wote. Alisema ukuta wake umejaa timu nzima.”

Sikumwambia kwamba mama huyo ni wangu. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa sababu mwanamke anayecheka kwenye kaunta akiwa na picha ya mume wake mkononi, mimi sikuwahi kukutana naye. Mimi nimelelewa na mwanamke mwingine kabisa.

Ukuta nilijua ni upi. Nyumba yetu ya zamani Kathiani ilikuwa ya udongo na mabati, na kuta zake za ndani zilibandikwa magazeti, kama za kila jirani. Kila Desemba, kabla ya watu wa Nairobi kurudi kwa Krismasi, mwaitu (ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu) alikuwa akipika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria kuukuu, na sisi tunabandika magazeti mapya juu ya yale ya mwaka uliopita. Hatukubandua kamwe. Nyumba yenye ukuta mchafu Krismasi ilikuwa aibu, basi tulifunika. Nilijifunza kusoma kwenye ule ukuta, nikiwa nimelala kitandani, kichwa upande. Chini ya Desemba zote hizo, kama mzee wa mazulia alisema kweli, alikuwepo baba yangu, amesimama, anatazama.

Na ndugu yangu alikuwa karibu kuibomoa nyumba hiyo. Alimjengea mwaitu nyumba ya mawe hatua chache kutoka pale, yenye vigae na choo cha ndani, na alitaka ile ya zamani iondoke kabla mchwa hawajavuka. Pale pale, palipokuwa na chumba cha kulala, alitaka kuweka tangi la maji. Nilimpigia simu.

“Usibomoe,” nikamwambia. “Nipe muda kidogo.”

“Muda wa nini?”

“Kuna kadi kwa ukuta. Ya baba.”

Nikasikia redio ya gari lake.

“Kadi ya majani chai,” akasema. “Niko na mafundi wanakuja Jumatatu, niko na tangi iko njiani, na wewe unaniletea mambo ya kadi ya majani chai.”

“Wewe ulimwona. Mimi sikumwona.”

“Hujakosa kitu, sista.”

Nikamkatia simu. Nilitamani simu ziwe na mlango, niubamize.

Nilifika Kathiani Jumamosi asubuhi, na begi langu la kazi na birika la umeme, kwa sababu sikutaka kuomba hata maji ya moto. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba mpya, akitoa mbaazi kwenye maganda. Alikuwa ameigeuza stuli yake ili nyumba ya zamani iwe nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kilichonileta. Nilieleza kila kitu, mzee wa mazulia, pakiti, kaunta, kucheka. Mikono yake haikusimama.

“Iache hiyo nyumba ianguke, mwiitu wakwa,” akasema kwa Kikamba. Binti yangu. Huwa haniiti hivyo isipokuwa anataka nitii.

“Amekujaza maneno,” nikasema. “Kijana wako amekujaza maneno.”

“Hakuna aliyenijaza.”

“Basi niambie kama kadi iko pale.”

Akamwaga mbaazi kwenye kiondo, akachukua maganda mengine. Nikaingia ndani nikiwa nimevimba. Niliamini wamepanga, yeye na kipenzi chake, kwamba mimi niendelee kujitazama kwa kioo hadi nife.

Gazeti lililobandikwa kwa unga wa ngano linatoka kwa mvuke na kitambaa chenye unyevu. Unaliwekea kitambaa, unangoja gundi iwe kama uji tena, kisha unaingiza kisu butu cha siagi chini ya pembe na kulisukuma, si kulivuta. Ukivuta, unatoka na vipande. Mkaidi zaidi unampa mate, kwa pamba, kidogo kidogo. Mate yanalainisha wanga kuliko maji. Nilifanya hivyo Jumamosi yote. Zikashuka sura za marais, matangazo ya sabuni, vifo, matokeo ya mitihani, mechi ambazo kila aliyezishangilia ana mvi sasa. Mchwa walikuwa wamechimba vijia katikati ya miaka. Mgongo wangu uliniuma mpaka nikaongea nao vibaya.

Ndugu yangu alikuja Jumapili baada ya kanisa, na viatu vyake vya ngozi. Akasimama mlangoni, leso puani.

“Unatemea ukuta mate?”

“Toka kwenye mwanga wangu.”

“Watu wa kanisa wameniuliza kama sista yangu yuko sawa. Niwaambie nini? Nimewaambia anatafuta kadi.”

“Waambie anatafuta baba yake. Waambie wewe hutaki ampate.”

Hapo akaingia. Alisema mimi nimekaa na takataka za watu mpaka nimekuwa mojawapo. Alisema yeye ndiye aliyelipa, aliyejenga, aliyemtoa mama kwenye mchwa, na mimi nimeleta birika. Nikamwambia amemjengea mama sebule ya kupigia picha. Nikamwambia mengine pia, ya mke wake, ambayo hayakuwa na kazi pale, na siyajutii hata sasa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, “Jumatatu asubuhi mabati yanatoka. Uko ndani, hauko ndani, yanatoka.”

Yalitoka kweli. Mafundi walianza upande wa jikoni, wakiheshimu kidogo, wakiniambia, “Pole, mathe,” kila bati lilipoanguka. Vumbi na mavi ya popo vilinishukia kichwani. Nilikuwa nimefika kwenye tabaka la mwisho juu ya kilipokuwa kitanda, gazeti lililokuwa kahawia kama chai yenyewe. Nikamwita ndugu yangu majina yaliyowachekesha mafundi. Kisha bati la juu yangu likatoka na jua likaingia. Nyumba ile haikuwahi kuwa na dirisha la maana. Ilikuwa mara ya kwanza ule ukuta kuonana na jua, na kupitia gazeti lililolowa niliona vivuli vya mistatili vimejipanga, kila kimoja kama kiganja cha mkono.

Nilisukuma kisu. Gazeti lilishuka lote kwa mara moja, kama utando wa maziwa.

Timu ilikuwa pale, jezi za kijani, golikipa na kofia yake, mabeki, wote wakitabasamu kuelekea kilipokuwa kitanda. Zilikuwa safi kuliko za kwenye albamu yangu. Kila pembe ilikuwa na tundu dogo la mwiba, maana yake kwanza mwaitu alizichomeka kwa miiba ya mgunga, zikakaa hivyo kwa muda, na gundi ikaja baadaye. Nilipita sura moja moja nikitafuta mwanya. Nikafika mwisho wa mstari, upande wa kushoto.

Huyo alikuwa amegeuzwa. Kila mwenzake alitazama chumba, na yeye alitazama udongo. Tulichoonyeshwa ni mgongo wa kadi, picha ndogo ya birika, na maneno.

Nikawaza ni makosa, kwamba gundi ilimpitia haraka. Nikaingiza ncha ya kisu chini ya pembe ya juu, nikasukuma kidogo sana, na nikaona rangi inabaki kwenye udongo. Nikasimama hapo hapo. Nilikuwa nimeiharibu upana wa punje ya mchele tu. Kwenye udongo palikuwa na kijani kidogo na kitu cheusi chenye kamba. Alikuwa amebandikwa kichwa chini pia. Hicho kilikuwa kiatu chake.

Sikuita mtu, ila nilinyamaza, na nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikomleta ndugu yangu. Aliingia akiwa tayari kugombana. Akaona ule mstari. Akafika karibu, akainama, akageuza shingo, akasoma kwa sauti yale maneno yaliyopinduka, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Winga wa kushoto. Kazi: fundi cherehani. Ameoa. Watoto: mmoja.”

Mmoja. Huyo ni yeye. Nilisubiri anicheke, nilikuwa nimeshakunja ngumi, naapa ningempiga na birika. Hakucheka. Aliendelea kuinama pale, mkono kwenye goti la suruali yake ya kazini.

“Nani alimgeuza?” akauliza.

“Mimi,” mwaitu akasema.

Alikuwa amesimama nje, mahali palipokuwa na mlango, kwa sababu mafundi walishauondoa. Mafundi wenyewe walikuwa wameteremka na kwenda kunywa chai bila kuambiwa. Aliukanyaga ule udongo uliomwagika, akaja hadi tulipo, na akaitazama timu kama watu wa kijiji kimoja naye, waliohama.

“Mlikuwa na kila kitu mlichokitaka hapa,” akasema, akimtazama ndugu yangu, si mimi. “Mama yenu, uji, shule. Baba yenu alisema mwenyewe, alipotuma habari na wenzake, kwamba asiulizwe juu ya watoto. Hakutaka kuwaona. Nikamgeuza asiwaone. Niliwaacha wengine kwa sababu wao walirudi.”

“Ungemchoma,” nikasema. Sauti yangu ilikuwa mbaya. “Ungemchoma nikajua hayupo. Umenilaza chini yake miaka yote. Nimelala hapa, mwaitu. Kichwa changu kilikuwa hapa.”

“Ningemchomaje?” Akanyoosha kidole, bila kugusa, kwenye neno la katikati. “Huu ndio upande niliouhitaji. Unasema ameoa. Watu walikuwa wakija hapa kunipa pole, wengine wananiambia labda hakuwa mume wangu hasa. Nilikuwa nawaonyesha. Imeandikwa, imepigwa chapa kiwandani. Huo upande mwingine ni wa kucheka tu.” Akashusha mkono. “Halafu nikachoka kuusoma. Desemba ikafika, nikafunika.”

Nilimchukia wakati ule. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia yeye, na baba, na kiwanda, na ndugu yangu aliyeanza kufuta macho kwa leso ile ile ya kuzibia vumbi. Na katikati ya chuki hiyo mikono yangu ilikuwa inafikiri. Udongo si gundi, udongo unayeyuka. Unakata kipande cha ukuta pamoja na kadi, unakipeleka mezani, unaikinga kadi kwa karatasi nyembamba juu ya mgongo wake, unakilaza kifudifudi, kisha unauondoa udongo kwa nyuma, kwa brashi na pamba yenye unyevu, mpaka ufike kwenye uso. Kazi hiyo naiweza. Pengine mimi peke yangu katika kaunti hii ndiye ninayeiweza.

“Nitamtoa,” nikasema. “Uso wake upo, chini ya udongo. Naweza kumsafisha.”

Mwaitu akanitazama. Alikuwa mdogo sana bila paa juu yake.

“Mtoe,” akasema. “Mchukue ukae naye, kwangu asiingie. Lakini mkitaka kumgeuza, mgeuzeni nikiwa sipo. Nikiwa hai, akae hivyo.”

Akarudi kwenye mbaazi zake. Safari hii hakuigeuza stuli. Aliketi akitutazama mpaka tulipomaliza.

Nilikata ukuta kwa msumeno, nikiulowesha kidogo kidogo usipasuke, na ndugu yangu alishika ubao chini yake, akiwa amepiga magoti kwenye mavi ya popo na suruali yake ya ofisi. Niliposema “juu” aliinua, niliposema “wacha” aliacha. Wale wengine niliwabandua kwa mvuke, wakatoka bila shida, wakitabasamu. Alasiri nyumba ilianguka yote. Tangi lipo pale sasa, jeusi, na maji yake yana ladha ya plastiki.

Kipande cha udongo kiko chumbani kwangu, ndani ya kisanduku cha mbao, nimekifunika kwa kitambaa cha pamba. Nimekiangalia kila upande. Najua nitaanzia wapi, najua maji kiasi gani, najua ni kazi ya mchana mmoja. Watu wanaokuja kuona albamu hufika kwenye nafasi niliyomtengea winga wa kwanza, wakaikuta tupu, na hawakosi kunieleza kwamba nimeacha mwanya. Nawaambia wafunue ukurasa.

Ndugu yangu alikuja mwezi uliopita. Alikuwa hajawahi kufika chumbani kwangu hata siku moja tangu nikifungue. Hakutania mambo ya takataka. Aliketi kwenye stuli ya wateja, akanywa chai niliyompa, akazungumza juu ya barabara na mvua. Kisha akaweka kikombe chini.

“Umemwosha?”

“Hapana.”

“Hata kidogo? Hata pembe tu?”

“Nimekwambia hapana. Si wewe unamkumbuka? Si unamwona kila nikinuna?”

Akatazama sakafu. Nilijua kabla hajasema, na sikufurahi jinsi nilivyodhani ningefurahi.

“Simkumbuki,” akasema. “Sijamkumbuka miaka mingi. Nilikuwa nasema tu.”

Ningeweza kumpa za uso. Nilikuwa nimeziweka tayari tangu utotoni. Badala yake nilikiondoa kile kitambaa, nikamsogezea kisanduku, akalisoma tena lile neno la katikati na lile la mwisho, na akaweka kidole karibu na kiatu bila kukigusa. Aliniomba. Alisema tuoshe tu uso, sisi wawili, tutazame, kisha turudishe udongo, mama hatajua. Nikamwambia udongo haurudishwi. Nikamwambia kama anataka sana, aende Kathiani akamwombe mama ruhusa, amwambie kwa mdomo wake kwamba hawezi kungoja.

Hakwenda. Mimi pia sijakwenda. Tunampigia mwaitu simu kila jioni, yeye saa moja, mimi baada ya habari, tunamwuliza kama amekula, kama amekunywa dawa ya presha, kama kikohozi kimepungua. Akisema kimepungua nashukuru kwa moyo wangu wote. Kisha naiweka simu chini, naona kisanduku kiko pale mezani, na najua ninachokingoja.